Makumbusho si kituo cha daladala tu

Mwanangu wa pili ana miaka saba, na neno "Makumbusho" amelisikia tangu anyonye. Makonda wa Dar es Salaam wanaliita kutwa nzima, limeandikwa kwenye vioo vya daladala, na sisi wenyewe tunashukia pale tukienda kwa dada yangu Kijitonyama. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba Jumamosi tunakwenda makumbusho, aliniuliza swali la haki kabisa: "Halafu pale tunaunganisha gari la wapi?"

Nikacheka, kisha nikaona aibu kidogo. Nimeishi jiji hili miaka kumi na saba. Kituo kile kimepewa jina la Kijiji cha Makumbusho kilicho pale pale kando ya Barabara ya Bagamoyo, na mimi sikuwahi kukanyaga ndani yake. Nimepita getini mara elfu, siku zote nikiwa na haraka ya kwenda kwingine.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi hasa. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Chamwino, Dodoma, kwa ajili ya macho. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili, na tarehe ya upasuaji ilikuwa bado wiki kadhaa. Akawa anakaa nasi Kimara. Mchana kutwa ameketi kwenye kiti kile kile karibu na dirisha, miguu ameikunja, mikono mapajani.

Mzazi mwenzangu, kama umewahi kukaa na mzee asiyeona vizuri katika nyumba ya watoto wa siku hizi, unajua ninachosema. Televisheni haimhusu. Watoto wanarudi kutoka shule ya mchepuo wa Kiingereza, wanasema "Shikamoo Bibi" wakiwa tayari wanaelekea chumbani, na Bibi anajibu "Marahaba" kwa mlango uliokwishafungwa. Binti yangu ana miaka kumi na tatu. Si mtoto mwenye adabu mbaya, ila hakuwa na la kuongea na bibi yake, na bibi yake hakuwa na la kuongea naye. Wiki tatu zilipita hivyo. Usiku mmoja baba watoto aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake ameomba arudishwe kijijini, upasuaji uachwe tu.

Ndipo nikakumbuka kuna mtu kazini aliwahi kunisimulia kwamba ndani ya Kijiji cha Makumbusho kuna tembe la Wagogo.

Tulikwenda kwa bajaji, mdogo nikampakata. Ukishapita getini, kelele za barabara zinapungua kuliko ulivyotarajia. Miti ni mingi, na chini yake zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, moja huku, nyingine kule, kila moja kwa namna ilivyojengwa kwao: udongo, miti, nyasi, makuti. Kijiji hiki kipo tangu miaka ya 1960, wakati nchi changa ilipotaka wananchi waone namna wenzao wanavyoishi. Nyumba nyingi zina vifaa vyake vya ndani, vyungu, vinu na vitanda vya kamba. Huzitazami nyuma ya kioo. Unainama, unaingia.

Mtoto wa miaka saba anahitaji hilo kuliko maelezo yoyote. Nyumba iliyomtia wazimu mwanangu ilikuwa msonge wa Wahaya, ile nyumba ya nyasi kutoka kileleni hadi ardhini, ambayo ukiitazama kwa mbali unadhani ni kichuguu au kofia kubwa ya mtu aliyezama. Aliizunguka mara tatu akitafuta ukuta unaanzia wapi na paa linaishia wapi. Hakupata jibu, maana ukuta na paa ni kitu kimoja. Ndani kuna giza na ubaridi, adhuhuri ya Dar es Salaam ukiwa umeiacha nje. Dada yake alisimama mlangoni, simu mkononi, akisema kuna wadudu.

Bibi tulimshika mkono muda wote. Kwenye nyumba za wengine alikuwa anaitikia tu kwa heshima. "Ya Wahaya hii? Haya." "Wachaga? Haya." Nikaanza kufikiri nimemchosha mzee wa watu bure.

Tulipofika kwenye tembe sikumwambia. Nilitaka kuona.

Tembe halina mvuto wa picha kama msonge. Ni nyumba ndefu na fupi kwenda juu, kuta za miti iliyokandikwa udongo, na paa bapa la udongo lililolazwa juu ya magogo. Anayeujua upepo wa Dodoma ataelewa kwa nini nyumba imejikunyata vile. Bibi aliunyoosha mkono wake, ukagusa ukuta. Akaupitisha taratibu mpaka kwenye nguzo ya mlango, akapapasa juu, akakuta mwisho wa paa ulipo, chini kabisa, karibu na kichwa chake. Akasimama.

"Hii ya kwetu," akasema.

Akainama bila kuongozwa, akaingia. Mimi niliyekuwa nikimwongoza nikagonga kichwa.

Yaliyofuata siwezi kuyasimulia kwa mpangilio, kwa sababu hayakuwa na mpangilio. Bibi alizungumza. Alituambia katika tembe la baba yake ndama na vitoto vya mbuzi vililala ndani na watu, ng'ombe wakubwa uani, katikati ya nyumba. Mdogo akaruka: "Bibi, mlikuwa mnalala na mbuzi?" Dada yake akamkanya kwa jicho. Bibi akacheka, na ninaposema akacheka namaanisha lile cheko la kutikisa mabega ambalo sikuwa nimelisikia tangu ashuke basi. "Mbuzi ndiye aliyekuwa analala na sisi," akajibu. "Nyumba ilikuwa ya mifugo kwanza."

Alisema paa lilikuwa kazi ya watoto. Ndiko walikoanika mlenda na karanga, na mtoto mmoja aliwekwa huko kufukuza kuku na ndege. Lakini ole wako ukimbie juu yake, kwa maana chini kuna mtu anapika, na kila hatua inamwaga udongo ndani ya chungu. Mvua ikinyesha usiku mnasikiliza inapodondoka, asubuhi mtu anapanda kuziba. Alipokuwa binti walihamishiwa kijiji kipya, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na tembe la baba yake wakaliacha. Mvua mbili, tatu, hakuna anayeziba, likarudi kuwa udongo. Hilo alilisema kwa sauti ile ile aliyosemea mbuzi.

Niligeuka nikamwona binti yangu amekaa kwenye sakafu ya udongo, na sketi yake mpya, anarekodi kwa simu. Sikumwambia neno. Nilijua nikimsifu ataacha.

Mume wangu ni Mgogo, amezaliwa Dodoma, na mambo haya hakuwahi kunisimulia hata moja. Nilipomuuliza usiku ule alisema hayajui. Yeye amezaliwa kwenye nyumba ya bati.

Sasa nisikudanganye kwamba siku nzima ilikuwa ya namna hiyo. Mdogo alianza kulia njaa saa nane kasoro. Maji tuliyobeba yalikwisha. Ngoma, ambazo huchezwa pale nyakati za alasiri, hatukuziona, kwa sababu Bibi alikuwa amechoka na jua lilikuwa kali. Kama unapanga kwenda, ulizia mapema siku na saa ya ngoma, beba maji ya kutosha na kofia, na vaa viatu vya kutembelea kwenye udongo. Watoto wabebe vitambulisho vya shule. Mchukue mwongozaji, hasa kama huna Bibi. Na kama unaye, usimwache nyumbani kwa kuhofia atachoka. Achoke.

Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea, ni habari tofauti, na huko nilikwisha kuwahi kukosea. Mwaka juzi niliwapeleka watoto wote wawili, tukapanda mwendokasi hadi Posta, na nikaamua kwamba kwa kuwa nimelipa kiingilio basi kila bango litasomwa. Nilisoma kwa sauti, kuanzia la kwanza. Kufikia chumba cha pili nilikuwa nawasomea watalii wawili na mlinzi, wanangu walishatoweka.

Pale chagua vitu vitatu tu. Makumbusho yenyewe ni ya zamani, yalifunguliwa kwa umma mwaka 1940 yakiwa na jina la mfalme wa Uingereza, na leo yanaitwa Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni. Kwa watoto wangu cha kwanza kilikuwa Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe Louis alikuwa amelala kambini anaumwa. Fuvu lina umri wa takriban miaka milioni 1 na laki 7 na nusu. Tarakimu hiyo mtoto haimwingii, usihangaike nayo. Mwonyeshe meno. Magego ya Zinjanthropus ni makubwa kiasi kwamba wataalamu walimpa jina la utani la mvunja karanga. Mwanangu alijipima gego lake kwa kidole, akalitazama lile, akajipima tena. Ameelewa zaidi ya vile ambavyo ningemsomea.

Cha pili ni magari ya zamani ya viongozi, likiwemo alilotumia Mwalimu Nyerere. Hapo akina baba wataganda, waachie dakika kumi.

Cha tatu ni kumbukumbu ya mlipuko wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam, Agosti 7, 1998. Kuna wazazi wanaoipita haraka. Mimi nadhani mtoto wa kuanzia miaka kumi aambiwe. Sisi wenye umri wetu tunakumbuka tulikuwa wapi asubuhi ile, na mtoto anasikiliza tofauti kabisa pale mama anaposema "mimi siku hiyo nilikuwa..." badala ya "hapo zamani".

Na jiandae kwa swali la dinosaria. Kila mtoto anayeingia makumbusho analiuliza. Jibu ni kwamba Tanzania tunaye, tena mkubwa kweli kweli. Wajerumani walimchimba Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, na mifupa ikabebwa vichwani na mabegani na wapagazi wetu hadi bandari ya Lindi, kisha ikapakiwa melini. Leo mifupa ya mjusi yule imesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu unazidi mita 13, karibu na jengo la ghorofa nne. Nilipomweleza hivyo mdogo alinyamaza, akauliza: "Sasa mbona hawajamrudisha?" Nikamwambia watu wazima wanalizungumza jambo hilo, wengine wanataka arudi, wengine wanasema ni mgumu kusafirisha na kutunza. Akasema kama aliweza kwenda anaweza kurudi. Sikuwa na jibu.

Kwa familia yenye nafasi ya kutoka nje ya jiji, mimi napigia kura Bagamoyo kuliko kwingine kote. Ni kilomita kama 70 tu, unakwenda na kurudi siku moja. Makumbusho ya misheni ya Wakatoliki yako kwenye jengo la masista la mwaka 1876, na misheni yenyewe ilianza mwaka 1868, ikiwa na kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Watoto wasimulieni habari ya Chuma na Susi. Vitabu vya shule vinamtaja Livingstone sana, lakini aliyetembea safari ile ya mwisho si yeye. Alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mnara wa kanisa ulikolazwa mwili usiku ule upo hadi leo. Binti yangu, ambaye siku hizo alikuwa anajifunza ramani, alichora njia yao kwa kalamu nyekundu na akaiona ni ndefu kupita kiasi.

Utumwa ni mada ngumu kwa mtoto mdogo, na Bagamoyo huwezi kuikwepa. Mimi wa miaka saba nilimwambia kwamba watu walichukuliwa kwao kwa nguvu na kuuzwa, nikaishia hapo. Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, nitampeleka akishakua. Ile sanamu ya watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo, nje ya kanisa la Anglikana, ilimnyima dada yake usingizi siku mbili, na alikuwa na miaka kumi na moja.

Unguja huko huko kuna jambo linaloniuma. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililokuwa makumbusho, niliahirisha kuwapeleka watoto likizo baada ya likizo. Nilitaka hasa wauone ule mfano wa mtepe, chombo cha baharini cha wazee wetu wa pwani ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Krismasi ya mwaka 2020 sehemu ya jengo ikaporomoka.

Wenzetu wa Arusha wana Makumbusho ya Azimio la Arusha na yale ya elimu ya viumbe kwenye boma la Mjerumani. Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, na kila Februari huadhimishwa kumbukumbu ya mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Butiama ni kwa Mwalimu. Wanaokwenda Ngorongoro wasipite Olduvai bila kusimama. Pale wataona mfano wa nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3 na laki 6, ambapo viumbe watatu walipita kwenye majivu ya volkano, na mmoja wao akakanyaga ndani ya nyayo za aliyemtangulia, kama mtoto anayemfuata baba yake kwenye matope. Mombasa kuna Fort Jesus, lakini hiyo inahitaji makala yake yenyewe, na mimi nimefika mara moja tu.

Bei za kiingilio sitaandika kwa kuwa hubadilika. Kwa raia ni ndogo ukilinganisha na ya wageni, na kwa watoto ni ndogo zaidi. Sahani moja ya chipsi kuku mjini ni ghali kuliko hiyo.

Turudi Kimara. Jioni ile ya Jumamosi mdogo alimsimulia baba yake kuhusu mbuzi, kwa sauti ya juu na uongo mwingi. Binti yangu aliingia chumbani kwake kama kawaida na kufunga mlango, nikasema basi, yameisha. Kesho yake asubuhi, nikiwa jikoni, nikasikia mtu sebuleni anasema "Mbukwa, Bibi." Kisha kimya kirefu. Halafu Bibi akaanza kuongea Kigogo kwa kasi, na binti anamkatiza: "Polepole, Bibi, polepole." Sijui lile neno alilitoa wapi. Pengine kwenye simu.

Si kila siku wanakaa pamoja. Wiki iliyopita binti alikuwa na mitihani na Bibi alirudi kwenye kiti chake cha dirishani. Ila habari ya kurudi kijijini kabla ya matibabu haikutajwa tena.

Amefanyiwa upasuaji wa jicho la kulia siku kumi na mbili zilizopita. Juzi walimtoa bandeji ya mwisho, akatutazama mmoja mmoja, akasema mdogo ni mweusi kuliko alivyodhani na mimi nimenenepa. Kisha akauliza lini tunarudi kule kwenye tembe. Anataka kulikagua paa. Anasema kwa mkono alihisi kuna magogo waliyaweka mbali mbali mno, na masika yanakuja.